Watoto Waliomfundisha Daktari

Hadithi, hadithi! Najua mtajibu: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Leo, wanangu, uwongo tuuache mlangoni, maana haya yalitokea kweli.

Mwaka 1928, jijini London, daktari wa watoto aitwaye Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ndogo. Hakuwapokea watoto wa homa wala wa kikohozi. Waliokuja kwake ni wale waliokuwa na hofu nyingi, wale wa hasira zisizokwisha, na wale ambao wakubwa walikuwa wameshachoka nao na kuwaita watukutu.

Sasa, daktari angeanzia wapi? Mtoto ukimuuliza, “Una nini?” atakujibu, “Sina kitu.” Si kwamba anakuficha. Jambo liko tumboni, liko kifuani, lakini maneno yake hayajapatikana. Hata ninyi mnalijua hilo: siku ambayo nyumbani kumegombwa usiku kucha, mwalimu akikuuliza asubuhi mbona umenuna, unamwambia nini?

Lowenfeld alikumbuka kitabu cha mwandishi H. G. Wells, Floor Games, kilichotoka mwaka 1911. Wells alieleza humo jinsi alivyocheza na wanawe wawili sakafuni, wakijenga visiwa na miji kwa mbao na vinyago vidogo. Basi daktari akaanza kukusanya vitu vidogovidogo: vijiti vya rangi, shanga, vipande vya karatasi, vibweta vya kiberiti. Akavitia kwenye sanduku, na watoto wakaliita sanduku la maajabu.

Mwaka 1929 kliniki ikahamia mahali pengine. Katika chumba kipya cha michezo, vinyago viliwekwa kwenye kabati, na kando yake yakawekwa masinia ya zinki, moja la mchanga na jingine la maji. Hakuna aliyewaambia watoto wafanye nini. Haikupita hata miezi mitatu, wenyewe wakaanza kuvitoa vinyago kabatini na kuvipanga mchangani: watu, nyumba, wanyama, ua. Walichokijenga wakakiita dunia. Lowenfeld aliishi hadi mwaka 1973, na hakuchoka kusema kwamba njia hiyo iliyompa sifa iligunduliwa na watoto.

Mshauri nasaha anayefuata njia hiyo hafanyi haraka. Tuseme mtoto amejenga nyumba, akaizungushia ua mara tatu, kisha akamweka mvulana mmoja nje. Mshauri hasemi, “Aha, huyo ni wewe!” Anauliza tu, “Hapa kunatokea nini?” Wiki nyingine ua unabaki mmoja. Siku moja mvulana anapata mlango. Mkono umeanza kusema, na ulimi utafuata ukiwa tayari.

Tuvuke bahari sasa, twende Chicago, Marekani. Mwaka 1951 Virginia Satir, aliyewahi kuwa mwalimu, alianza kupokea watu wenye matatizo ya akili na ya moyo. Alimhudumia binti mmoja kwa miezi kadhaa, na binti akapata nafuu. Ghafla mama yake akapiga simu kwa hasira, akitishia kumshtaki Satir kwa kumtenga na mwanawe. Satir hakugombana naye. Akamkaribisha. Mama alipoketi tu, binti akarudi kuwa vile alivyokuwa siku ya kwanza! Satir akaanza upya na wote wawili. Baadaye akamwita baba, kisha kaka.

Alichokiona ni hiki: familia ni kama ngalawa. Mmoja akihama upande, wote hutikisika, hata waliokaa kimya. Ukimtibu aliyelowa peke yake, ukamrudisha kwenye ngalawa ileile iliyoinama, atalowa tena.

Wanandoa nao aliwafanyia jambo ambalo mngelicheka. Badala ya kuwaacha wabishane, aliwasimamisha kama sanamu. Aliyezoea kulaumu aliambiwa anyooshe kidole. Aliyezoea kuomba radhi hata bila kosa akapiga magoti. Wakibaki hivyo kidogo, mkono unachoka, magoti yanauma, na kila mmoja anaona gharama ya ugomvi wao bila kusomewa mashtaka.

Na kijana wa miaka 15? Huyo ukimpa vinyago ataona unamdharau. Yeye anataka kwanza kujua: nitakayosema yatafika kwa mama? Mshauri mzuri humjibu mapema, waziwazi. Yako yatabaki hapa, isipokuwa ukiwa hatarini, au mtu mwingine akiwa hatarini kwa sababu yako, au kuna anayekuumiza. Hapo nitatafuta msaada, na nitakueleza ninamwambia nani. Baada ya hapo hukaa naye hata katika ukimya, bila kumkaripia.

Basi kama kuna jambo linalokulemea, mtafute mkubwa unayemwamini, au mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwenu. Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu ya watoto, 116, na kuipiga ni bure. Usingoje mpaka maneno yako yanyooke. Unaweza kuanza na “sijui nianzie wapi,” kwa kuwa kuyatafuta maneno ni kazi mtakayoifanya pamoja.