Gharama ya Simu kwa Mume na Mke

Uchumaji unakaribia, na kama ilivyo ada wanachama wametuletea maswali ya magunia, majamvi na ujira wa wachumaji. Safari hii wamekuwako pia waliouliza habari ya simu, nao si wachache. Wasema ya kwamba mtu na mkewe kila mmoja ana simu yake, kila asubuhi kila mmoja hununua kifurushi chake cha siku, na mwisho wa mwezi haijulikani fedha imekwenda wapi. Tumeona vyema tulieleze jambo hili hapa, maana msimu ndio wakati simu isipopumzika. Mmoja yuko shambani na wachumaji, mwenziwe yuko nyumbani kwenye majamvi. Wingu likifunga lazima mtu apige kusema "anua", na karafuu iliyorowa jamvini hushuka daraja.

Wapo waliosikia kuwa huko Marekani kampuni za simu huuza mpango wa jamaa: laini mbili au zaidi, hati moja ya malipo kila mwezi, na mara nyingi laini ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza. Hapa kwetu wengi wetu hulipa kwanza ndipo tutumie, na kifurushi hukaa katika laini iliyokinunua. Kwa hiyo mpango wa watu wawili hapana budi tuutengeneze wenyewe, nao waweza kutengenezwa.

Kazi ya kwanza ni daftari. Kwa siku saba mume na mke waandike kila walichonunua, na kila waliyempigia yuko mtandao gani. Tunajua kuwa kazi hii yachosha, na wengine watasema nyumba si duka. Lakini mwenye shamba huandika pishi za kila mchumaji asidhulumu wala asidhulumiwe, na fedha ya simu nayo ni fedha. Atakayeandika siku saba ataona jambo ambalo hakulitazamia, aghalabu ni kuwa nusu ya simu zake zote zaenda kwa watu wanne au watano tu.

Kisha bei zigawanywe kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, maana bei hubadilika kila mara, kifurushi cha siku ni shilingi 1,000. Mume anunua, mke anunua; kwa siku 30 nyumba imetoa shilingi 60,000. Sasa tuseme wameacha hayo. Wamenunua kifurushi kimoja cha data cha siku 30 kwa shilingi 20,000, nacho watakitumia wote wawili, na kila mmoja hununua dakika za wiki kwa shilingi 2,000. Dakika hizo ni kama shilingi 286 kwa siku kwa kila mmoja, yaani kiasi cha shilingi 17,150 kwa wote wawili kwa siku 30. Jumla haifiki 38,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 22,000 kila mwezi, na mwenye karafuu apime mwenyewe hizo ni kilo ngapi.

Angalieni neno "wiki" na neno "mwezi". Wiki ni siku 7, na wiki nne ni siku 28 tu, basi anunuaye kwa wiki hununua mara 52 kwa mwaka, si 48. Vilevile ulizeni kama kifurushi cha siku huhesabiwa saa 24 tangu kiliponunuliwa au hukatika usiku wa manane. Anunuaye saa mbili usiku kile kinachokatika usiku wa manane amenunua saa nne.

Juu ya mtandao, swali la kwanza si bei. Ni kama simu yashika shambani. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na mtandao ulio mzuri Chake Chake huenda usifike bondeni kwenye mikarafuu yako. Jaribuni pale pale chini ya miti, si barabarani. Ikiwa mitandao miwili yashika, chagueni ule walio nao wale watu wanne au watano wa daftari, na mume na mke wawe pamoja katika huo.

Zamani sababu ya kuwa pamoja ilikuwa kubwa zaidi. Kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu kampuni ya mpigaji hulipa kampuni ya mpigiwa kwa kila dakika. Malipo hayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyashusha hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na ndiyo maana siku hizi dakika za mitandao yote zapatikana kwa urahisi. Hata hivyo dakika za mtandao mmoja bado mara nyingi hutolewa kwa wingi zaidi. Na aliyezoea kuhesabu Zantel na Tigo kuwa ni mitandao miwili ajue kuwa tangu mwaka 2024 jina lao ni moja, Yas. Anayetaka kuhama asiogope kupoteza nambari yake. Tangu Machi 2017 mtu aweza kuhamia kampuni nyingine na nambari ile ile.

Tuje kwenye data. Katika nyumba nyingi za wanachama mmoja ana simu janja na mwingine ana kitochi, au zote ni janja lakini moja ndiyo itumikayo sana. Hapana haja ya kununua data mara mbili. Simu janja yenye kifurushi huweza kuigawia simu nyingine iliyo karibu nayo, na wakiwa nyumbani jioni kifurushi kimoja huwatosha wawili. Kampuni pia huruhusu kumhamishia mwenzio wa mtandao huo sehemu ya data yako, jambo lifaalo siku ambazo mmoja yuko dagoni. Lakini kumbukeni hesabu hii. Simu ya kawaida humlipisha mpigaji peke yake, ama mazungumzo ya WhatsApp hula data ya wote wawili. Dakika moja ya sauti kwa kawaida haifiki MB 1. Mkionana kwa sura hula mara kadha zaidi. Kwa mtoto aliye Unguja au Dar es Salaam dakika za kawaida zatosha. Kwa ndugu aliye ng'ambo WhatsApp mara nyingi ndiyo njia, na kwa sauti.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo hatupendi lipitwe. Wako watu wa nyumba moja walioona kuwa njia rahisi kuliko zote ni kuwa na laini moja: ya mume, mke atumie pia, na fedha zote zipite humo. Uwekevu huu hatuukubali. Dakika zichangwe, data ichangwe, lakini laini ya fedha kila mmoja awe na yake, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake na alama za vidole vyake, na nambari ya siri aijue mwenyewe.

Sababu yake wanachama wetu wanawake waijua kuliko sisi. Wengi wao wana mikarafuu yao waliyorithi, na kwa sheria yetu mali ya mke ni yake. Fedha ya karafuu zake ikiingia katika laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe, maadamu wote wahai na wapatana hapana neno. Bwana akifariki, kilichomo katika laini ile huhesabiwa kuwa ni mali ya marehemu na huingia katika mirathi pamoja na shamba na nyumba. Mjane sasa atakiwa athibitishe mbele ya warithi, na huenda mbele ya Kadhi, kuwa sehemu ile ilikuwa yake, naye hana hata karatasi. Na mume aliyeweka fedha zake katika laini ya mkewe yumo katika shida hiyo hiyo. Laini ya pili haina gharama ya mwezi. Kinacholipiwa ni kile kitumiwacho. Basi hapo hapana kilichookolewa.

Kabla uchumaji haujaanza, kila mmoja apige *106# kwa simu yake atazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta laini asiyoijua aende kwenye duka la kampuni hiyo na kitambulisho chake, aombe ifutwe. Akikuta laini anayoitumia mwenziwe imesajiliwa kwa jina lake, waende wote wawili wakairekebishe, na wahesabu fedha iliyomo kabla ya kutoka nyumbani.