Sukari na Goita: Mkazi wa Kanyangi Alipie Kipimo Kipi Kwanza?

Una kiu isiyokatika, unaamka usiku kukojoa, nguo zimeanza kukulegea. Ukiwa Kanyangi, kuna njia kadhaa za kujua kama ni kisukari, na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Lakini mtu akiwa anatapika, anahema kwa nguvu au amechanganyikiwa, usilinganishe bei yoyote. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hali si ya dharura, anza na kipimo cha bure. Mwaka 2023 serikali iligawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya, na ndani yake mna mashine ya kupima sukari kwa tone la damu ya kidole. Wa kijiji chako unamjua. Mpigie simu, muulize kama ana stripu, kwa sababu mashine bila stripu haipimi chochote na hapo ndipo huduma hii hukwama mara nyingi. Akiwa nazo, aje asubuhi kabla hujagusa chai.

Akikosa, nenda zahanati. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hazilipishwi kwa aliyejisajili, hata kama hajaanza kulipa mchango. Kusajiliwa ni kwa *147#, bila malipo. Mchango utauhitaji ukielekezwa hospitali kubwa, na kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo mapema, kabla hujaugua. Kemisti wa sokoni atakupima kidole kwa shilingi 50 hadi 200. Si bei mbaya kwa siku moja, ila ukirudi kila wiki unaanza kumlipia kodi ya duka.

Ukiambiwa upime ukiwa na njaa, hiyo ni saa nane bila chakula wala kinywaji isipokuwa maji. Kikombe kimoja cha uji kinaharibu kipimo, na gharama ya kurudi kesho ni yako: bodaboda tena, kibarua cha siku nyingine kimepotea. Ukipata 7.0 (mmol/L) au zaidi na huna dalili zozote, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujaandikiwa dawa za maisha.

Usijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima Wakamba, Waluo na Wamaasai wa vijijini pamoja na wakazi wa mjini. Waliokuwa na kisukari mjini walikuwa asilimia 12.2, kijijini 2.2. Nambari ninayotaka uitazame ni nyingine: asilimia 8.6 ya wanakijiji walikuwa katikati, sukari yao imeshapanda bila kufika kiwango cha ugonjwa. Walijulikana kwa sababu watafiti waliwapa maji yenye gramu 75 za glukosi na kuwapima tena baada ya saa mbili. Kipimo cha asubuhi peke yake kingewaacha wengi wao waende zao.

Kipimo hicho cha kinywaji ni rahisi kwa pesa, ghali kwa muda. Unakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Kwa mama mjamzito usikikwepe, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Njia nyingine ni kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Huhitaji kukaa na njaa, na damu hutolewa mara moja tu. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Maabara za kibinafsi mara nyingi hutoza kati ya shilingi 1,000 na 2,500, na kutoka Kanyangi utakifuata Kitui mjini, au Wote ukiwa ng'ambo ya Mto Athi. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na ada ya kumwona daktari ambayo haimo kwenye bei uliyotajiwa kwa simu. Duka la dawa likisema litakutolea damu hapa hapa na kuituma, uliza mambo mawili kabla hujakunja mkono wa shati: usafirishaji ni pesa ngapi, na majibu yakipotea nani analipa mara ya pili.

Tena HbA1c haimfai kila mtu. Ukiwa na upungufu wa damu, selimundu, au umetoka kuongezewa damu, jibu linaweza kupotoka. Mwambie mhudumu kabla hujalipa.

Sasa mashine ya nyumbani. Usiinunue ili ujue kama una kisukari. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi huziruhusu kukosea kwa asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo anayesoma 7.0 huenda ana karibu 6 au 8. Kwa kufuatilia inatosha, kwa kuamua ugonjwa hapana.

Bei ya mashine yenyewe ndiyo ndogo. Chukua mfano wa boksi la stripu 50 kwa shilingi 1,500: kila kidole ni shilingi 30, kila siku ni 900 kwa mwezi, na mwaka ukiisha umetumia zaidi ya 10,000. Stripu za mashine moja haziingii nyingine, kwa hiyo uliza kwanza kama boksi linapatikana Kanyangi au utalifuata Kitui. Soma tarehe ya mwisho, kisha usome pia itadumu miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Nyingi hazitaki joto la juu ya nyuzi 30, na chini ya mabati ya Januari joto hupita hapo. Zifunge vizuri kwenye kichupa chake, zikae pembe yenye baridi zaidi ya nyumba.

Je, unazihitaji kila siku? Ukitumia insulini, ndiyo, pesa hizo ni za lazima. Ukitumia metformini peke yake na hali imetulia, sikushauri. Huko North Carolina, Marekani, watu 450 wasiotumia insulini walifuatwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa 2017: waliojipima kila siku hawakuwa na sukari nzuri kuliko wasiojipima. Peleka pesa hizo kwenye HbA1c mara mbili kwa mwaka. Anayemeza glibenklamidi amuulize daktari, maana dawa hiyo huweza kushusha sukari kupita kiasi.

Wanaotumia insulini huambiwa wanunue friji, na wengine wameingia kwenye mkopo kwa ajili hiyo. Chupa ambazo hazijafunguliwa zihifadhiwe kwenye friji ya zahanati, ukikubaliwa. Iliyofunguliwa haihitaji friji: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumba za wakimbizi Dadaab, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini katika maabara kwa joto hilo hilo. Kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Matokeo hayo yalitoka 2021. Chungu chenye maji kivulini kinatosha.

Katika kununua, hesabu yuniti: chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kalamu ya mililita 3 ina 300. Kalamu ni rahisi kubeba, lakini linganisha bei ya yuniti na ujumlishe sindano zake. Mwaka 2012 ulianza mpango wa kuuza chupa kwa shilingi 500 katika vituo vilivyojiunga. Uliza kituo chako kama kimo.

Goita nayo ina mtego wake: kifurushi cha homoni zote. Kwa mtu mwenye uvimbe shingoni au uchovu usioeleweka, kipimo cha kulipia kwanza ni TSH peke yake, yaani homoni inayoiamrisha tezi ya thairodi. Vingine vya thairodi vifuate TSH ikitoka kwenye mstari. Ila uvimbe ukiwa mgumu, unakua haraka au unakuzuia kumeza, nenda hospitali bila kungoja maabara.

Zile mashine za kushika mkononi sokoni, zinazodai kusoma homoni za mwili mzima bila damu, usizipe hata shilingi. Homoni katika damu ni chache mno. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walilazimika kubuni mbinu ya kutumia kingamwili na mionzi ili waione insulini tu, na kazi hiyo ilimpa Yalow Nobeli mwaka 1977. Kiganja hakitoi habari hiyo.

Ukimeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie mtu wa maabara, la sivyo unaweza kulipia jibu la uongo. Na weka pesa za TSH ya pili kabla hujalipia ya kwanza: ukianza dawa ya thairodi, levothairoksini, itapimwa tena baada ya wiki sita hadi nane ili dozi irekebishwe. Kidonge chenyewe kimezwe kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai, na vidonge vya chuma au kalsiamu visubiri saa nne.