Istilahi za Dawa za Moyo na Mgonjwa Afanyaye Mazoezi

Miongoni mwa kazi ambazo mfasiri hukabidhiwa pasipo kuonywa juu ya uzito wake ni karatasi ya maelezo iwekwayo ndani ya kisanduku cha dawa. Karatasi hiyo ni ndogo na aghalabu hutakiwa upesi. Hata hivyo msomaji wake si mwanafunzi awezaye kumwuliza mwalimu, wala karani awezaye kulirudisha jalada. Ni mgonjwa aliye nyumbani kwake, na neno moja lililokosewa laweza kumdhuru. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama dawa za moyo zitumikazo sana, jinsi zifanyavyo kazi na jinsi zimwathirivyo mgonjwa anapofanya mazoezi, ili tuone ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuzieleza na ni yapi yanayopotosha. Hatukusudii kushika nafasi ya tabibu. Kazi yetu ni lugha.

Mapigo na shinikizo

Tuanze na maneno mawili yachanganywayo kila siku. Mapigo ya moyo ni idadi ya mara ambazo moyo hudunda kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo baina ya 60 na 100. Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukuma kwayo kuta za mishipa ipitamo, nayo hupimwa kwa milimita za zebaki. Neno presha limeenea kwa umma, wala hatuoni sababu ya kulifukuza, kwani ndilo neno ambalo wagonjwa wengi hulijua kwanza. Tatizo ni kwamba hutumika kwa mambo yote mawili: moyo ukienda mbio kwa hofu, mtu husema presha imepanda. Kwa kuwa kuna dawa zipunguzazo mapigo, na nyingine zipunguzazo shinikizo bila kuyapunguza mapigo, mfasiri hana budi kuyatenga maneno haya tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Neno mshipa nalo lina mzigo mkubwa, maana hubeba ateri, vena, neva, na kwa wengine hata ngiri. Pale ambapo tofauti ni muhimu, ni heri kuandika ateri na kueleza mara moja kuwa ni mshipa uchukuao damu kutoka moyoni.

Vizuiabeta

Mtu anapopanda kilima, misuli yake hudai oksijeni zaidi. Ndipo neva na tezi zilizo juu ya figo zinapotoa noradrenalini na adrenalini. Kemikali hizi hushika sehemu maalumu za seli za moyo ziitwazo vipokezi vya beta, na moyo ukadunda upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Dawa kama propranololi, atenololi na bisoprololi huvikalia vipokezi hivyo, hata adrenalini ikija haipati pa kushika. Propranololi ilibuniwa nchini Uingereza na James Black na wenzake, ikaanza kutumika katikati ya miaka ya 1960; Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Shabaha yake haikuwa kuupelekea moyo oksijeni zaidi, bali kupunguza kiasi ambacho moyo wenyewe hukihitaji. Kwa sababu hiyo mgonjwa ashikwaye na maumivu ya kifua akitembea huweza kwenda mbali zaidi kabla maumivu hayajamjia.

Lakini hapo pana mtego. Kanuni itumikayo sana katika vitabu vya mazoezi ni kutoa umri katika 220 ili kukadiria ukomo wa mapigo. Mtu wa miaka 50 hukadiriwa mapigo 170, na akielekezwa kufanya mazoezi kwa asilimia 60 hadi 70 ya ukomo huo, atatafuta mapigo 102 hadi 119. Mgonjwa atumiaye vizuiabeta akiifuata kanuni hii huenda akakimbizana na namba ambayo moyo wake umezuiwa kuifikia. Atajilazimisha, miguu itakuwa mizito, na namba haitatimia. Akidhani dawa ndiyo iliyomharibia nguvu, huenda akaiacha. Na kuiacha ghafla ni hatari, kwa maana vipokezi vilivyozoea kufunikwa huitikia kwa ukali, na mgonjwa aweza kupatwa na maumivu makali ya kifua au hata shambulio la moyo. Kwa hiyo sentensi isemayo "usiache dawa ghafla bila ushauri wa daktari" haifai kufichwa mwishoni mwa karatasi.

Ama kuhusu jina, tunapendekeza vizuiabeta, likifuatwa na maelezo: dawa za kutuliza mapigo ya moyo. Tunaonya dhidi ya ufupisho kama "vizuizi vya moyo." Mgonjwa atafahamu kwamba amepewa kitu cha kuuzuia moyo usifanye kazi, na mganga aweza kufikiri kuwa unatajwa ugonjwa ambao ndani yake mwendo wa umeme wa moyo hukatika.

Dawa za kulegeza mishipa

Kundi la pili ni la dawa zilegezazo mishipa ya damu, nalo lina matawi kadhaa. Ziko zizuiazo kalsiamu isiingie katika seli za misuli. Tafsiri ya neno kwa neno, "vizuizi vya kalsiamu," yaweza kumfanya mgonjwa aache maziwa na dagaa, hali dawa hizi hazihusiki na kalsiamu iliyo katika chakula. Tena jina hilo moja huficha tabia mbili: amlodipini na nifedipini kazi yao kubwa ni kulegeza ateri, lakini verapamili na diltiazemu hupunguza mapigo pia. Mfasiri akieleza kundi lote kwa sentensi moja, atakuwa amewapa baadhi ya wagonjwa habari isiyo yao.

Ziko pia enalaprili na lisinoprili, ambazo huzuia kimeng'enya kishirikicho katika kukaza mishipa. Nitrogliserini, ambayo William Murrell wa Uingereza aliandika habari za matumizi yake katika maumivu ya kifua mwaka 1879, hulegeza mishipa kwa dakika chache tu. Kwa kidonge cha namna hii, agizo "weka chini ya ulimi" halitoshi, yafaa iandikwe: "Keti kwanza. Weka chini ya ulimi, kiache kiyeyuke, usikimeze."

Dawa za kundi hili hazimkatazi mtu mazoezi. Hatari yake huonekana hasa anaposimama ghafla baada ya kukimbia: damu hubaki miguuni katika mishipa iliyolegea, shinikizo hushuka, na kizunguzungu humwangusha. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kupunguza mwendo kidogo kidogo kabla ya kusimama. Hapa pia lugha ina deni. Kwa mwanzo wa mazoezi tunayo maneno yaliyokwisha kuzoeleka kwa kusikiliza matangazo ya mpira: kupasha misuli moto. Kwa mwisho wake, baadhi ya wafasiri huandika kupoa, na msomaji akafahamu kuwa aketi kivulini au ajimwagie maji, yaani afanye kinyume cha agizo. Tunaona kumalizia polepole ni bora, hata kama halina sura ya istilahi.

Dawa za kukojosha

Furosemidi na wenzake huzifanya figo zitoe maji na chumvi zaidi, na hivyo moyo hupunguziwa mzigo. Katika joto la pwani, mgonjwa atokaye jasho jingi huku akitumia dawa hizi aweza kupungukiwa maji na potasiamu, akapatwa na kukakamaa kwa misuli, kizunguzungu, au mapigo yasiyo na mpango. Hata hivyo mfasiri asichukue agizo la wanariadha, "kunywa maji mengi," na kulibandika hapa, kwa maana baadhi ya wagonjwa wa moyo hupangiwa kiasi cha maji wasichopaswa kukizidi. Sentensi iliyo salama ni: "Mwulize daktari ni kiasi gani cha maji unywe siku za mazoezi."

Neno kuwa kipimo

Ikiwa mapigo hayaaminiki tena kuwa kipimo, mgonjwa atajuaje kuwa amezidisha? Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga kipimo chenye daraja kuanzia 6 hadi 20, ambacho mtu hukitumia kwa kujiuliza jinsi anavyoihisi kazi. Daraja zilipangwa hivyo ili kila moja, ikizidishwa kwa 10, ikaribie mapigo ya mtu mwenye afya. Kwa mtumiaji wa vizuiabeta kuzidisha huko hakufai, lakini maneno ya kipimo hubaki na nguvu yake. Basi katika hali hii usalama wa mgonjwa unategemea vivumishi, na vivumishi hivyo ni kazi yetu.

Tunapendekeza: 9, nyepesi sana, 11, nyepesi, 13, nzito kiasi, 15, nzito, 17, nzito sana. Tumeliepuka neno ngumu kwa sababu zoezi gumu, kwa aliyepita shuleni, ni swali lisilojibika kwa urahisi. Wagonjwa wengi huelekezwa wabaki karibu na 11 hadi 14. Kiswahili kina vitenzi viwili viwezavyo kusaidia hapa, kuhema na kutweta, ila kwa kuwa wengine huvitumia kwa maana moja, kila kimoja kipewe maelezo yake: ukihema, bado waweza kusema sentensi nzima, ukitweta, maneno hukatika, nawe huna budi kupunguza mwendo.

Mwisho, neno mazoezi lenyewe. Mama achotaye maji umbali wa kilomita moja na kurudi na ndoo ya lita 20 kichwani hujiambia kuwa hafanyi mazoezi, kwani mazoezi kwake ni mambo ya uwanjani. Akisoma "usifanye mazoezi mazito," ataiweka karatasi kando na kuibeba ndoo yake, ambayo maji yake pekee yana uzito wa kilo 20. Kwa hiyo iandikwe kazi za mwili na mazoezi, na mifano itajwe: kulima, kutwanga, kubeba, kupanda ngazi.

Twawasihi wafasiri wasiitoe karatasi ya namna hii mikononi mwao kabla ya kumsomea mtu asiye tabibu na kumwomba aseme, kwa maneno yake, atakalofanya kesho asubuhi. Jibu lake likitofautiana na agizo la daktari, tusimlaumu msomaji. Turudi kwenye sentensi yetu na kuiandika upya.