Jumba la Gede na msitu wake: yanayomhusu mkaazi

Mnamo Julai 2024, mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sifa ni ya Kilifi nzima, lakini mzigo wa kuutunza unamwangukia zaidi anayeishi jirani na ukuta.

Wengi wetu tuliingia mara moja tu, na sare za shule. Rudi tena. Katika jumba la mfalme, ukipita lango la upinde unafika kwenye ua ambako, inaaminika, mtawala alisikiliza mashauri ya watu. Nyuma kuna vyumba vya familia, na vyoo vya ndani. Nyumba za jirani zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo kuanzia 1948 na mwanaakiolojia James Kirkman: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Pesa za Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari zilikuwa za boriti za mikoko. Paa zilipoanguka, mvua ikapenya ndani ya kuta, mbegu zikaota kwenye nyufa na mizizi ikaanza kuzipasua. Je, miti yote ikatwe? Hapana. Msitu huo ni makao ya kima na ndege, na kwa jamii zinazouzunguka ni mahali pa heshima tangu jadi. Mti ulioshika ukuta ukiung'oa ovyo, unatoka na mawe yake. Hiyo ni kazi ya mafundi wa uhifadhi.

Kwa Katiba ya 2010, maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali ya kitaifa, na Gede inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mipango ya ardhi na ujenzi ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo, kabla ya kujenga karibu na magofu, anzia ofisi ya mipango ya kaunti. Ukichimba choo au msingi ukakuta vigae vya zamani, sarafu au ukuta uliofukiwa, simamisha kazi na upeleke habari kwa maafisa wa makavazi pale Gede. Sheria ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa.

Mawe ya magofu yasichukuliwe, hata lile moja la kuwekea sufuria. Likishatoka mahali pake, hakuna mtaalamu atakayejua lilikuwa la mlango au la kisima.