Tredmili: Hukumu Iliyogeuka Mazoezi

Je, wajua kwamba ile mashine ya jimu ambayo watu huilipia kila mwezi ili iwatoe jasho ilianza kama adhabu ya gerezani?

Karibu na mwaka 1818, mhandisi Mwingereza William Cubitt, mtoto wa msaga nafaka wa Norfolk, alikerwa na wafungwa wa gereza la Bury St Edmunds waliokuwa wakishinda wamekaa bure. Akabuni gurudumu refu lililolazwa, limezungukwa na ngazi mwili mzima. Wafungwa walijipanga bega kwa bega, wakashika upau ulio mbele yao, wakapanda. Ngazi iliyokanyagwa ilizama kwa uzito wa mkanyagaji, nyingine ikashika nafasi yake, na mtu akapanda saa nzima pasipo kupanda kokote. Gurudumu la gereza la Brixton, London, lililowekwa mwaka 1821, lilisaga nafaka. Kwingine halikuunganishwa na kinu chochote. Wafungwa walitokwa na jasho ili kuzungusha hewa.

Wakubwa wa magereza walilipenda kwa sababu lilipimika. Mvunja mawe anaweza kutegea askari akigeuka, na mchimba mtaro anaweza kuegemea sururu akajifanya anafikiri. Juu ya gurudumu huwezi: usipoinua mguu, ngazi inakugonga kwenye ugoko. Mkuu wa gereza angeweza kuandika kwenye karatasi kila mtu apande kiasi gani kwa siku, na kiasi hicho kikapandwa. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu mwaka 1895, naye alilipanda.

Ukatili wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haukuonekana Uingereza bali Jamaica. Baada ya sheria ya kukomesha utumwa kuanza kutumika mwaka 1834, waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao wakiitwa wanagenzi. Bwana hakuruhusiwa tena kuwachapa mwenyewe, ila hakimu aliweza kuwapeleka kwenye gurudumu. Kijana James Williams alisimulia mateso hayo katika kijitabu kilichotolewa mwaka 1837: watu walifungwa mikono kwenye upau, na waliochoka wakabaki wananing'inia huku ngazi zikiwachubua miguu. Kijitabu hicho kilisaidia kuwasha hasira Uingereza, na mwaka uliofuata uanagenzi huo ukafutwa. Gurudumu lenyewe liliondolewa katika magereza ya Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1898.

Kilichowavutia wakubwa wa magereza ndicho kilichokuja kuwavutia madaktari. Moyo wenye mishipa iliyoanza kuziba unaweza kuonekana mzima mgonjwa akiwa amelala kitandani, kisha ukajisaliti anapopanda mlima. Daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, aliuleta mlima ndani ya hospitali. Katika kipimo chake, mgonjwa anabandikwa waya za kupima moyo kifuani, anaanza kutembea polepole juu ya mkanda unaozunguka, kilomita 2.7 kwa saa, kwenye mwinuko wa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3, mkanda unaongezwa kasi na mwinuko. Kwa kuwa kazi ni ile ile kwa kila mgonjwa, matokeo yanalinganishika. Kipimo hicho kinatumika hadi leo.

Nyumbani mashine iliingia baadaye, pale mhandisi William Staub aliposoma kitabu cha daktari Kenneth Cooper cha mwaka 1968 kuhusu mazoezi ya moyo na mapafu, akaona watu wanahitaji mashine ya bei nafuu, akaiunda. Staub alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 96.

Wapo wakimbiaji wanaodai kwamba kwenye tredmili mkanda ndio unaokusogezea miguu, kwa hiyo unadanganya. Si kweli. Mkanda ukienda kwa kasi isiyobadilika, mguu wako hautofautishi mkanda na ardhi, kama vile kutembea ndani ya behewa la treni iliyo mwendoni hakukuhitaji nguvu za ziada. Kinachopungua ni upepo tu: barabarani unaikata hewa, ndani huikati. Ndiyo maana wanaokimbia kwa kasi huinua mashine kwa asilimia 1 hivi kufidia.

Mahali ambapo tredmili si anasa hata kidogo ni kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Bila uzito, mifupa ya nyonga huweza kupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uimara wake kwa mwezi, hivyo wanaanga hufanya mazoezi takriban saa 2 kwa siku. Hufungwa mikanda ya mabegani na kiunoni inayowavuta chini, la sivyo hatua ya kwanza ingewarusha darini, na mashine yenyewe imewekewa vizuia mtikisiko ili vishindo visitikise kituo. Aprili 2007 mwanaanga Sunita Williams alikimbia humo marathoni ya Boston yote, kilomita 42, kwa saa 4 na dakika 24. Katika muda huo kituo kiliizunguka dunia karibu mara tatu.