Siri ya PIN Ibaki Yako: Simu Inavyoweza Kumhudumia Kila Mwananchi

Saa saba mchana katika soko la Machakos, jua hufifisha maandishi kwenye skrini ya simu. Hata muuzaji mwenye macho mazuri huikinga kwa kiganja ili asome ujumbe wa malipo. Kwa asiyeona, ugumu huo ni wa kutwa nzima. Baadhi huishia kumkabidhi mtu mwingine simu pamoja na nambari ya siri, wakiomba Mungu awe mwaminifu.

Hatari hiyo hutokea huduma inapobuniwa kwa ajili ya macho pekee. Huduma iliyopangwa vizuri hutoa taarifa ileile kwa maandishi, sauti, mtetemo au mguso, ili kila mtu atumie njia inayomfaa mahali alipo.

Mifano tunayo mikononi. Simu nyingi za kabambe zina kinundu kwenye kitufe cha 5. Kidole kikikigusa, vitufe vingine hujulikana vilipo bila kutazama. Noti zilizozinduliwa mwaka wa 2019 zina mistari iliyoinuka pembeni: mmoja kwa shilingi 50, miwili kwa 100, mitatu kwa 200, minne kwa 500 na mitano kwa 1,000. Nayo M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007 kwa menyu ya maandishi, baadaye iliongezewa huduma ya sauti kwa wateja wasioona.

Anayenufaika si mtu mwenye ulemavu peke yake. Mtetemo humjulisha kiziwi kwamba ana ujumbe, na pia makanga aliye katikati ya kelele za stendi. Sauti kwa Kikamba humfikia nyanya asiyesoma, na mkulima ambaye mikono yake imejaa udongo.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Wajibu huo unatuhusu pia sisi tunaotoa matangazo ya serikali. Tangazo la basari likisambazwa kama picha tu, bila maelezo ya maandishi, programu ya kusoma skrini huenda isisome chochote, na mzazi asiyeona akapitwa na siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Unachoweza kufanya leo:

- Katika simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha Ufikivu. Simu ikiwa kwa Kiingereza, sehemu hiyo imeandikwa Accessibility. Humo unaweza kukuza maandishi, au kuwasha TalkBack isome skrini kwa sauti.
- Tumia spika za masikioni unaposikiliza salio lako mbele za watu.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata anayekusaidia.
- Tangazo la umma lisipokufikia kwa njia unayoielewa, mweleze msimamizi wa wadi yako. Kuulizia ni haki yako.