Lukemia ya paka: kipimo kimoja si hukumu

Katika nyua za Buyenzi, Bujumbura, si ajabu sahani moja ya mabaki ya ndagala kuliwa na paka watatu au wanne, wa nyumbani na wa jirani. Wakishashiba, hulambana manyoya. Hapo ndipo virusi vya lukemia ya paka hupata njia, maana huenea hasa kwa mate. Paka huambukizana pia kwa kuumana, na mama huwaambukiza watoto wake. Binadamu haambukizwi.

Asili ya ugonjwa huu ilijulikana mwaka 1964. William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, baada ya kuona paka kadhaa wa nyumba moja wakipata saratani, walikuta chembe za virusi ndani ya uvimbe. Tangu hapo ikawezekana kuupima ugonjwa, kisha kuukinga: chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1985.

Daktari wa mifugo huchukua damu kidogo na kutafuta protini ya virusi iitwayo p27. Jibu hutoka kwa dakika chache, ila lisiaminiwe peke yake. Miili ya paka wengine, hasa wakubwa, huvishinda virusi au huvidhibiti. Kwa hiyo anayeonekana navyo apimwe tena, ikiwezekana kwa kipimo cha vinasaba vya virusi (PCR).

Dawa ya kuvimaliza haijapatikana. Yanayotibiwa ni madhara: upungufu wa damu, magonjwa nyemelezi na saratani ya tezi. Saratani hutibiwa kwa vinkristini, siklofosfamidi na prednisoloni. Nafuu huja, lakini mara nyingi haidumu. Wengi waliozidiwa na virusi hufa ndani ya miaka 3. Hata hivyo, paka mwenye virusi asiyeumwa asiuawe. Akae ndani, ale chakula kilichopikwa, aonwe na daktari kila miezi 6.

Sisi tulio ughaibuni, tukitaka kuwasaidia paka wa kwetu Bujumbura, tusitume chanjo ndani ya sanduku la nguo: inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8 njia nzima. Tuchangie kipimo na gharama za daktari hukohuko. Paka mchanga asiye na virusi huchanjwa kuanzia wiki 8, hurudiwa baada ya wiki 3 au 4, kisha mwaka unaofuata. Na kwa leo hii, kila paka awe na sahani yake.